Zenit ya Mjomba na Kamera za Vibosile

Ndugu msomaji, mwaka juzi sisi vijana sita wa Katoro tulikaribia kushikana mashati kwa sababu ya kamera. Tulikuwa tumekaa nyuma ya banda la chipsi, tunaunda kikundi cha wapenda picha. Si wapiga picha wa kazi, la hasha. Ni watu wa kupenda tu, mmoja bodaboda, mmoja anauza vocha, mmoja mimi hapa ambaye nina madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha. Tulikuwa na mchango wetu kidogo mezani, na swali lilikuwa moja: tununue nini?

Kati yetu yumo mshikaji ambaye shemeji yake ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Ana Canon ya maana, ile ambayo lenzi yake peke yake unaweza kununua pikipiki. Akasema, bila aibu, kwamba wanaopiga picha kwa simu wanatwanga maji kwenye kinu. "Picha ni mashine," akasema. "Mengine ni maneno ya watu wasio na mkwanja."

Wa bodaboda akasimama. Eti picha ni jicho, mashine ni chuma tu. Kelele zikaanza hapo, mwenye banda akatufukuza.

Mimi nilirudi nyumbani na hasira, maana nilikuwa upande wa bodaboda lakini sikuwa na hoja hata moja. Shule niliishia kidato cha nne, na somo nililolipenda ni historia. Basi nikasema, ngoja niiulize historia. Niliyoyakuta hayakunipa ushindi niliokuwa nautaka, lakini yamenibadilishia swali.

Kamera ya kwanza ninayoijua iliyoanza safari ya kuja pande zetu haikufika.

Ilikuwa mwaka 1860. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walitoka Zanzibar na msafara wa wapagazi kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Kule Zanzibar alipiga kadhaa. Lakini usifikiri kupiga picha wakati huo ni kubonyeza. Unachukua kipande cha kioo, unakimwagia dawa inayonata, unakitumbukiza kwenye maji ya fedha, unakiweka kwenye kamera kingali kimelowa, unapiga, halafu unakimbia kukisafisha kabla hakijakauka. Ukichelewa robo saa umeumia. Yote hayo ndani ya kihema kilichofungwa kisipitishe mwanga, kwenye joto la nyika zetu. Speke mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ingemuua mwenzake. Kamera ikaachwa hata Unyamwezi hawajauona, na Grant akashika penseli na rangi za maji.

Mwaka 1861 wakapita Unyamwezi, wakapita Uzinza, yaani huku huku kwetu, Geita ya leo ikiwa ndani ya nchi hiyo. Grant alichora watu, nyumba, mimea, ngoma. Michoro yake imehifadhiwa Scotland mpaka leo. Kwa hiyo mashine ya gharama ilishindwa, na kitu cha bei rahisi kikafika.

Nilipolisoma hilo niliruka kitandani kwa furaha. Nikajisemea, mshikaji kesho nammaliza! Lakini nikaendelea kusoma, na furaha ikapungua.

Kwa sababu baada ya Grant wakaja wengine ambao mashine zao hazikushindwa. Wakati wa Wajerumani alikuwako mtu anaitwa Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio yake Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20. Alipiga askari, reli, bandari, mashamba, na baadaye vita ya 1914. Picha zake nyingi ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na ukifungua kitabu chochote cha historia ya ukoloni wa Mjerumani, uwezekano ni mkubwa kwamba unaangalia kazi yake. Sasa jiulize, babu zetu tunawaona kupitia nani? Kupitia mtu aliyekuwa na vioo, dawa na wapagazi wa kuvibeba. Si kwamba Dobbertin hakuwa na jicho. Alikuwa nalo, na zuri. Lakini katika nchi nzima ya watu wenye macho mazuri, wenye mashine walikuwa wa kuhesabu, na mzee wa Kisukuma aliyesimama mbele ya lenzi hakuulizwa angependa aonekane vipi.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba sisi sita pale kwenye chipsi tulikuwa tunagombania swali bovu.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kisanduku kinaitwa Brownie. Kilikuwa kisanduku kweli, cha maboksi magumu, na lenzi ya kawaida kabisa. Bei yake ilikuwa dola moja. Mafundi wa studio walicheka, lakini kile kisanduku kikaingia mikononi mwa watoto, akina mama na makarani, na watu wa kawaida wakapiga picha za vitu visivyo na faida: mbwa wa nyumbani, shangazi anacheka, mtoto kajipaka uji. Hapo ndipo upigaji picha wa kujifurahisha ulipoenea. Mvumbuzi hakuwa fundi mkuu, ni bei iliyoshuka. Ujue hivyo, ewe unayesema jicho ndiyo kila kitu: macho yalikuwapo tangu Adamu, yalikuwa yanangoja kisanduku cha dola moja.

Kisanduku hicho kilifika mbali. Kule Bamako, Seydou Keïta alipewa Brownie na mjomba wake mwaka 1935, akiwa kijana mdogo anayejifunza useremala. Baadaye akawa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa Afrika nzima. (Angalia, na yeye ni mjomba. Nitamfikia wa kwangu.)

Huku kwetu pwani, hadithi ninayoipenda ina watu wawili. Wa kwanza ni Ranchhod Oza, Mhindi aliyefika Unguja akiwa kijana, akafanya kazi katika studio ya Gomes iliyokuwa kongwe mjini, na mwaka 1930 akafungua yake, Capital Art Studio. Alipiga masultani na alipiga wavuvi. Mwanawe Rohit akairithi kazi. Ukiona leo picha za zamani za Mji Mkongwe zimetundikwa hotelini, nyingi ni zao. Oza alikuwa na mashine nzuri kwa wakati wake, sikatai. Lakini ukubwa wake, kwa maoni yangu, ni kwamba alikaa mji mmoja miaka na miaka na hakutupa mikanda yake.

Wa pili ndiye aliyenikosesha usingizi. Anaitwa Omar Said Bakor, wa Lamu. Alizaliwa mwaka 1932, akafariki mwaka 1993. Hakupelekwa chuo chochote cha picha, alijifundisha mwenyewe, akawa na studio yake pale pale kisiwani, Bakor Studio. Lamu, msomaji, si London. Mpiga picha wa Lamu wa miaka hiyo angeweza kuridhika na picha za kitambulisho mpaka siku anazikwa.

Bakor yeye alianza kuchezea picha. Unaona kichwa cha mtu kimechomoza katikati ya ua. Hii ilikuwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuja kutufanyia mambo haya kwa kidole. Kazi ya namna hiyo hufanyika kwenye chumba cha giza, au kwa mkasi na gundi. Katika giza unaweka mkanda wa kwanza kwenye mashine ya kukuza, unaziba sehemu ya karatasi kwa kipande cha kadibodi, unamulika, unahesabu. Kisha unaweka mkanda wa pili, unaziba pale palipokwisha kumulikwa, unamulika tena. Karatasi bado ni nyeupe, huoni kitu, unaongozwa na kumbukumbu ya vidole vyako. Ukikosea kidogo tu kichwa kinaning'inia hewani bila shingo, na karatasi ya pesa imekwenda na maji.

Niulize: ni kipi kilichomgharimu Bakor? Kadibodi? Mkasi? Nilipoziona picha zake nilijiona mjinga, maana mimi nina simu inayoweza kufanya mambo mia, na picha yangu niliyoipenda mwaka ule mzima ilikuwa ya soda juu ya meza.

Na hakuwa peke yake. Miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, Mombasa, vijana wa kamera za bei rahisi walisimamisha vibanda vya wazi vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na miji ya mbali. Msafiri anashuka pantoni na mzigo wa mihogo, anasimama mbele ya pazia, anatoka amepanda ndege. Wenye elimu zao wanaweza kuita uongo. Mimi naona ni riwaya ya ukurasa mmoja.

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko kesi ilikoishia.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa machimboni miaka ya 1990. Alizunguka Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, mpaka Kakola upande wa Kahama. Popote paliposikika kwamba dhahabu imetema, watu walifurika kwa wiki moja, na ndani ya siku tatu kulikuwa na mama ntilie, muuza mitumba, gesti ya maturubai na mpiga picha. Kamera yake ilikuwa Zenit, ya Mrusi, aliyoinunua kwa mwalimu mmoja. Ukiishika utadhani umeshika tofali. Zenit za namna ile zilitengenezwa kwa mamilioni kule Urusi, si kitu cha kuringia. Kipima mwanga chake kilikuwa kimekufa kabla mjomba hajaipata.

Nilimfuata mwaka juzi baada ya ule ugomvi. Sasa ni mzee, anafuga mbuzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, ng'wanawane. Umekuja kuomba mbuzi?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza alijuaje mwanga bila kipimo. Akanyoosha mkono juani, akaniambia niangalie kivuli chake chini. Kivuli kikiwa na ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, mkanda wa 100, unaweka kitundu kwenye 16 na spidi 125. Kivuli kikianza kulegea unafungua kitundu hatua moja. Kivuli kisipoonekana kabisa, fungua zaidi na umwombe Mungu. Basi, hiyo ndiyo kompyuta yake. Baadaye nikagundua kwamba wapiga picha wa dunia nzima walikuwa na kanuni hiyo hiyo, na ilikuja imechapishwa kwenye maboksi ya mikanda. Mjomba hakuisoma kwenye boksi. Boksi lilikuwa la Kijapani.

Nikamuuliza swali la chipsi: mashine au jicho? Akacheka mpaka akakohoa.

"Mkanda," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza. Mkanda mmoja una picha 36. Ukiuingiza kwa ujanja gizani unapata 38. Kuununua ni pesa, kuupeleka Mwanza kusafishwa ni pesa, nauli ni pesa, na siku utakayorudi mteja keshahama machimbo. Kwa hiyo kila kidole kinapobonyeza lazima ajulikane anayelipa. Na nani analipa machimboni? Anayelipa ni aliyepata. Mtu ametoka mwaloni na gramu zake, kanunua suruali mpya, redio ya kaseti begani, anataka apigwe amesimama mbele ya pazia la maua. Mjomba alipiga mamia ya hao. Machimbo mazima, miaka yote ile, yamebaki kama vile kila mtu alikuwa tajiri na ana redio.

"Na waliokosa?" nikauliza.

"Aliyekosa hapigi picha, mwanangu. Na aliyekufa halipi."

Hapo nilinyamaza kidogo. Nilikumbuka Bulyanhulu. Mwaka 1996, mwezi wa nane, wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa katika machimbo yale ili kampuni ichukue eneo, na mashimo yakafukiwa. Kwa miaka mingi baadaye ulikuwapo ubishi mkubwa, mpaka nje ya nchi: wapo waliodai kwamba kuna watu walifukiwa humo wakiwa hai, serikali na kampuni zikakanusha, na wachunguzi wa taasisi moja ya Benki ya Dunia wakasema mwaka 2002 kwamba madai hayo hayakuwa na ushahidi. Mimi siandiki kufufua kesi, sina ubavu huo. Nasema tu kwamba katika machimbo kama yale wapiga picha wa aina ya mjomba hawakukosekana, wenye macho makali kama kozi, na kamera zao zilikuwa zinaangalia redio za kaseti. Walikuwa na ubunifu wa kutosha. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni mkanda wa kupoteza.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa bodaboda, jicho halitoshi. Na wewe wa Canon usishangilie, maana lenzi yako nayo haikuwa jibu. Bei ya vifaa haikuamua picha ipi ni nzuri. Iliamua kitu kibaya zaidi, nacho ni nini kipigwe na nini kisipigwe.

Nijitie na mimi kitanzini kidogo. Baada ya kupata elimu hii nilivimba kichwa. Nikachukua kazi ya harusi ya jamaa fulani, usiku, ukumbini, kwa simu. Nikajiambia kwamba mjukuu wa kiroho wa Bakor hashindwi na giza. Bwana we! Maharusi walitoka kama moshi. Shela la bibi harusi limeonekana, sura yake hakuna. Baba mtu alinirudishia simu kwa vidole viwili kama ameshika panya, na nilirudisha pesa yote pamoja na ya soda. Usiku, ndani, watu wanacheza, mashine ni mashine. Fizikia haibembelezwi na ubunifu wa mtu.

Tena yuko mtu mmoja ambaye historia yake inakataa kukaa upande wowote. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mitumba, akiwa bado mwanafunzi. Kile kisanduku tena! Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar, na mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar kwenye mapinduzi. Mpaka hapo ni hadithi ya bodaboda: kijana, kisanduku cha mitumba, na miguu isiyochoka.

Lakini twende mbele, Ethiopia, mwezi wa kumi 1984. Amin alifika Korem pamoja na mtangazaji Michael Buerk, akapiga filamu ya watu wanaokufa kwa njaa, alfajiri, ukungu umetanda. BBC ikaitoa tarehe 23 Oktoba, kisha vituo vya dunia nzima vikaichukua. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, likafanyika lile tamasha la Live Aid la kuchangia Ethiopia. Je, angefanya hivyo kwa Brownie? Asingeweza. Ilihitaji kamera ya video, mikanda ya kutosha, ndege na mitambo ya kurushia. Na je, mwenye mitambo yote hiyo asiyemjua mtu yeyote Addis Ababa, asiyejua mlango wa kugonga, angefika Korem? Naye asingefika. Watu wenye kamera za bei walikuwa wengi mwaka ule, na njaa ile haikuanza siku ile.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini, akapoteza mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Mwaka 1996, tarehe 23 Novemba, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilianguka baharini karibu na Comoro, naye alikuwamo. Ukinilazimisha niseme Amin alikuwa mashine au jicho, nitakuambia kaulize mbuzi wa mjomba.

Mambo ya mkanda nayo yamekwisha. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak yule yule, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia mkanda, na mwaka 2012 Kodak ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Leo mchimbaji yeyote wa Nyarugusu ana kamera mfukoni, anaweza kupiga picha mia za tope bila kulipa senti ya kusafisha. Aliyekosa naye anapigwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukanda huu wa dhahabu, kitu cha kupoteza tunacho. Na tunapiga nini? Nimeangalia simu yangu na za wenzangu watano. Suruali mpya na redio, sema redio sasa ni spika ya bluetuthi.

Nirudi kwa mjomba nimalizie, kwa sababu ipo picha moja.

Alikuwa na mdogo wake, yaani mjomba wangu mdogo, mchimbaji hasa wa kushuka chini. Siku moja, machimbo ya Nyarugusu, alimwambia kaka yake, "Kila siku unapiga watu wakiwa wametakata. Hebu nipige mahali ninapofanyia kazi." Mwenye duara alikataa, eti kamera itakimbiza dhahabu. Wakambembeleza, wakamwahidi picha ya bure. Mjomba akashuka duara na Zenit shingoni, kwa kamba, akashika matimba huku anatetemeka.

Taa ya kamera hakuwa nayo. Walikuwako vijana saba chini, kila mmoja na tochi kichwani iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mjomba akawaambia sita wageuze vichwa wammulike yule wa saba usoni. Akaweka kamera juu ya kiroba cha mawe, akafungua kifyatulio, akasema msipumue, akahesabu mpaka saba. Picha moja tu. Kwenye mkanda zilikuwa zimebaki nne na tatu zilikuwa za wateja.

Miezi michache baadaye duara lile liliporomoka. Mjomba mdogo hakutoka. Hakuwa amewahi kupiga picha nyingine katika maisha yake, hata ya kitambulisho.

Imetundikwa kwa bibi mpaka leo. Ni uso, macho mawili na jasho, umetoka kwenye weusi kama umechorwa kwa moto. Ukingo wa shavu umetingisika kidogo kwa sababu mtu haachi kupumua akihesabiwa saba. Mkanda wake ulipotea katika kuhamahama, na karatasi yenyewe imeanza kugeuka rangi ya chai.

Nilimpeleka yule mshikaji wa Canon. Sikumwambia lolote. Alisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu, kisha akasema, "Haijakaa sawa hapa shavuni." Nikakunja ngumi. Lakini hakuwa amemaliza. Akauliza kama anaweza kuishusha. Bibi akakubali baada ya kumhoji ni mtoto wa nani. Jamaa akaitoa kwenye fremu taratibu kama anatoa mwiba kwenye jicho, akailaza juu ya kanga nyeusi mlangoni, pasipo jua, akafunga Canon yake juu ya miguu mitatu, akapiga mara thelathini hivi. Ile lenzi ya bei ya pikipiki, leo ndiyo nilielewa kazi yake.

Jioni akatuita kwenye kompyuta ya shemeji yake, mimi na mjomba na bibi. Alikuwa ameiondolea ule ukungu wa rangi ya chai, akawa anaikuza. Sura ikajaa kiooni. Bibi akaweka kiganja mdomoni. Kisha jamaa akasogeza picha kando, kwenye ule weusi ambao miaka yote tulidhani hauna kitu, na pale begani kwa marehemu tukaona vidole vinne. Mkono wa mtu mwingine, umemshika bega.

Bibi akauliza, "Huo mkono wa nani?"

Mjomba akavaa miwani, akaisogelea kompyuta. Akaanza kuwataja wale sita mmoja mmoja kwa majina, polepole, na kila jina akitikisa kichwa.